Nukta Kwenye Kona

"Mutembei, hebu nikumbushe. Nyumba ya mzee Salesio uliandika mbuzi wangapi?"

"Kari, niko ndani ya mtaro, matope mpaka magotini. Si fomu unazo wewe?"

"Ninazo. Nataka nikusikie ukisema kwa mdomo wako."

"Niliandika sufuri."

"Sufuri, eh? Basi nimesimama kwa banda la mzee Salesio saa hii, na huyo sufuri ananitafuna sweta."

Kasim, aliyekuwa ameshika kalamu upande wa pili wa banda, alicheka kwa sauti. Halafu alimtazama Karimi usoni na kicheko kikamkauka. Mbuzi mwenyewe, jike nene la maziwa lenye kengele shingoni, aliendelea kuvuta mkono wa sweta bila haraka.

"Labda alinunuliwa juzi," Mutembei alisema kwenye simu.

"Mzee anasema ako hapa tangu Pasaka ya mwaka jana. Ulikuja hapa Septemba. Ulikanyaga hapa kweli?"

"Nilikanyaga."

"Usinidanganye! Tumeingia nyumba ishirini tangu jana, mimi na Kasim. Umeandika watano, wako sita. Umeandika wanane, wako tisa. Ishirini kwa ishirini, Mutembei! Hata mwongo wa kawaida kuna siku anateleza anasema kweli."

"Mimi nilihesabu vizuri."

"Vizuri aje na kila boma limepungua mmoja?"

Upande ule yalisikika maji tu yakitoka kwa nguvu kwenye bomba lililopasuka.

"Mutembei, nakuuliza."

"Nilihesabu vile nilifunzwa kuhesabu. Tukionana nitakueleza."

"Hakuna kuonana! Deadline ni tarehe kumi na tano. Leo ni tarehe tatu. Unajua hii ndiyo kazi nilikuwa nitume. Unajua bila hii sina kitu, mimi ni msichana tu wa Runyenjes na alama nzuri, na wasichana wa alama nzuri wako wengi." Aliuvuta mkono wa sweta, mbuzi naye akauvuta. "Ama ndiyo sababu. Ulitaka niharibikiwe nisiende. Si useme tu."

"Umesema nini?"

"Umesikia."

"Sawa, Karimi," alisema, na simu ikakatika.

Tangu waanze kupendana hakuwahi kumwita jina lote. Ni Kari asubuhi, Kari mchana. Karimi aliirudisha simu mfukoni, akajinasua sweta kutoka mdomoni mwa mbuzi, akamwambia Kasim waende.

Kabla hujamlaumu msichana wa watu, sikiliza jinsi alivyofika hapo. Alikuwa mwaka wa nne chuoni Embu, akisomea takwimu, na alikuwa ameingiwa na wazimu mmoja ambao darasani ni Kasim peke yake aliyeuelewa: kutoka digrii ya kwanza aruke moja kwa moja hadi shahada ya uzamifu, PhD, ughaibuni. Kuna vyuo huko vinavyokubali hivyo, mradi uonyeshe unaweza kufanya utafiti. Kwa hiyo tangu mwaka wa tatu Karimi hakulala usingizi wa kushiba. Mara mtihani wa Kiingereza, mara hesabu za juu alizojifundisha mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima, mara nakala za matokeo zilizotakiwa ziwe na muhuri na aliyeshika muhuri alikuwa likizo. Insha ya kueleza kwa nini unataka kusoma aliiandika mara kumi na moja.

Na utafiti wenyewe ulikuwa huo: kukadiria idadi ya mbuzi wa maziwa katika nyumba mia moja na arobaini kule Mitunguu, kwenye mashamba ya ndizi yanayonyweshwa kwa mabomba. Karimi hakuwa na njia ya kuacha masomo akazunguke huko. Lakini Mutembei alikuwa mwenyeji, fundi wa mabomba, mtu anayeingia kila boma bila mbwa kubweka. Alisema atafanya, na akafanya kwa miezi miwili, baada ya kazi yake, kwa miguu yake.

Sasa ndipo ujue uchungu ulikuwa wa aina gani.

*

Daktari Nthiga alikuwa msimamizi wake, mtu mwembamba aliyekula njugu karanga ofisini mchana kutwa na kuacha maganda kwenye sahani ya kikombe. Aliziangalia zile karatasi mbili, ya Mutembei na ya marudio, kwa muda mrefu mpaka Karimi akaanza kuhesabu maganda.

"Hii tofauti yote ni moja?"

"Ndiyo, Daktari. Yote."

"Hakuna mbili? Hakuna mahali alizidisha?"

"Hakuna. Daktari, data imepikwa. Naomba unisamehe, ningekuwa nimeenda mwenyewe."

"Nani amesema imepikwa?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Naona moja, mara ishirini." Alivunja njugu nyingine. "Mtu akikaa chini ya mgomba akabuni namba, huwa anatupa huku na kule. Huyu hajatupa. Huyu kijana ana sababu."

"Sababu yake naijua."

"Unaijua, ama unaikisia?"

Karimi aliyatazama maganda ya njugu. Angesema nini? Kwamba ni mpenzi wake, na kwamba jioni moja ya Oktoba alimwambia, "Ukienda huko miaka mitano utarudi ukiongea na mimi kwa mkalimani," wakacheka wote wawili, lakini Mutembei hakucheka mpaka mwisho?

"Barua nitakuandikia," Daktari Nthiga alisema. "Wewe ni mwanafunzi mzuri na nitasema hivyo. Lakini kuhusu huu utafiti sitaandika hata sentensi moja mpaka uniletee hiyo sababu. Siwezi kuweka jina langu juu ya kitu sikijui."

"Na barua bila utafiti itanisaidia nini?"

"Kidogo sana," alisema, bila kumficha. "Nipate Ijumaa wiki ijayo."

Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za maktaba. Alitaka kupiga mtu. Mwaka mzima wa kuamka alfajiri, halafu mbuzi mmoja anakosekana kila boma! Kama ni mlima ungemzuia angesema sawa, mlima ni mlima.

Simu ikalia. Ni mama yake, Cicily, kutoka Runyenjes.

"Karimi, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hujakula, nakusikia. Yule kijana wa Mitunguu anakusumbua?"

"Mama, sitaki kuongea juu yake."

"Mimi nilisema. Kwani hakuna vijana hapa Embu? Na hiyo masomo yako, kwani Masters ilienda wapi? Mtu anaruka ngazi aje? Baba yako naye anakushangilia tu kwa sababu ya hesabu zake."

"Mama, naomba nikupigie jioni."

Akafungua ujumbe, akaandika kwa kidole kizito: "Usinitafute mpaka uwe tayari kusema ukweli."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Ukweli uko kwa fomu."

"Fomu nimezisoma zote."

"Basi soma tena."

Kiburi gani hicho! Alifanya uongo na bado anampa kazi ya nyumbani. Karimi aliizima simu, akaiwasha, akaangalia kama ameandika kingine. Hakuwa ameandika. Alimpenda mtu huyo, hilo ndilo lililokuwa likimwuma kuliko deadline, na hakutaka hata Kasim alijue.

Kasim alimkuta hapo hapo. Ni mtoto wa mjini, baba yake ana bucha Embu, na mbuzi aliwajua tangu azaliwe.

"Utafanya nini?"

"Nitarudi nihesabu zote upya. Mia na arobaini."

"Kwa wiki moja? Peke yako?"

"Wewe una mtihani wa marudio. Nitaenda peke yangu."

"Karimi, nikuulize kitu na usinirukie. Siku ile unampatia Mutembei fomu, aliuliza nini?"

"Aliuliza nini kwani?"

"Mimi nilikuwa hapo. Aliuliza, 'Lazima nihesabu wote?' Ukamcheka. Ukamwambia, 'Kwani unafikiri takwimu ni kukisia kama fundi wa bomba?' Mimi pia nilicheka. Yeye hakucheka."

Karimi alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba Mutembei alifungua mdomo kutaka kuongeza kitu, halafu akazikunja fomu vizuri, akazitia kwenye mfuko wa plastiki ili zisilowe.

"Ilikuwa mzaha," alisema.

"Najua. Nakwambia tu."

*

Alifika Mitunguu jua likiwa bado kali, akiwa na faili ya bluu kifuani na viatu vya shule. Nyumba namba moja kwenye orodha ilikuwa ya cucu Marcella, bibi yake Mutembei mzaa baba, aliyemlea. Katika zile ishirini za marudio haikuwamo. Karimi alisali Mutembei asiwepo, na alipoambiwa hayupo, ameenda kufunga bomba huko chini, akasikia moyo ukimwanguka. Ndivyo mapenzi yalivyo, hayajui yanataka nini.

"Karibu, mwana wakwa," cucu alisema kwa Kimeru, akachanganya na Kiswahili kidogo alichokuwa nacho. "Umekonda. Huko Embu hakuna ndizi?"

"Ziko, cucu. Nimekuja kuona mbuzi, kama haitakusumbua."

"Mbuzi ndio hao wanaingia. Simama hapo, usiwashtue."

Banda lilikuwa la mbao, limeinuliwa juu ya miguu kama meza, na ubao wa kupandia. Cucu alisimama kando ya mlango na fimbo, na kila mbuzi aliyepanda alimgusa mgongoni.

"Mmoja. Wawili. Wewe, ingia! Watatu. Wanne. Watano. Sita."

Karimi aliandika sita. Kisha akapanda wa saba, mdogo mweupe mwenye masikio marefu, akirukaruka kwenye ubao. Cucu hakumgusa. Aligeuka akaangalia migomba, akakohoa, akafunga mlango kwa kamba.

"Cucu, umeacha mmoja."

"Nimeacha nani?"

"Huyo mweupe. Wako saba."

Alichapwa kofi la mkono, dogo lakini la kweli.

"Nyamaza! Nani amekutuma umwite?"

"Cucu, sijamwita, nimehesabu tu."

"Sasa wewe msomi mzima unahesabu mpaka unamaliza?" Cucu alimtazama kama mtu aliyemwaga maziwa. "Ukimaliza si umevitaja vyote? Na kuna anayesikiliza. Fisi anasikiliza, ugonjwa unasikiliza. Wa mwisho unamwacha kinywani. Huyo ndiye wa kubaki na boma."

"Na mtu akiwa na mbuzi mmoja tu?"

"Huyo ndiye hataji kabisa. Maskini, amwite wa nini?"

Karimi aliishusha kalamu. Mzee Salesio. Sufuri. Kengele shingoni.

"Cucu, Mutembei anajua haya mambo?"

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mutembei! Si yeye alikuwa mchungaji wangu? Siku moja akiwa mdogo hivi alihesabu mpaka wa mwisho kwa sauti, akijionyesha kwamba ameanza shule. Nilimtandika. Na ile wiki tulipoteza mbuzi wawili. Tangu siku hiyo hata ungempa kiboko hamalizi. Hata watoto wa watu hawezi kuhesabu, anaacha mmoja."

Karimi aliketi chini, kwenye majani ya nepia waliyokatiwa mbuzi, na viatu vyake vya shule na kila kitu. Akafungua faili. Fomu namba moja, cucu Marcella, mbuzi: sita. Na pembeni kabisa, kwenye kona ya chini, palikuwa na nukta ndogo ya wino wa bluu.

Aliijua nukta hiyo. Aliiona mara mia wakati wa kuingiza data kwenye kompyuta, akadhani Mutembei alikuwa akijaribu kalamu kama inaandika.

Fomu namba mbili, watatu, na nukta. Namba tatu, wanane, na nukta. Alizigeuza haraka haraka. Nyumba ya mzee Salesio: sufuri, na nukta. Akazitafuta sufuri zote, zilikuwa kumi na tano. Sita zilikuwa na nukta. Tisa hazikuwa nayo, na hizo tisa, sasa alielewa, ni za watu wasiofuga kabisa.

Mia moja thelathini na moja zilikuwa na nukta. Mutembei hakuwa ameficha mbuzi hata mmoja. Hakuwataja tu kwa namba, kwa sababu hawezi, lakini kila mmoja alimwekea mahali pake kwenye karatasi, boma baada ya boma, kwa heshima. Yeye mwenye alama nzuri ndiye aliyewafuta.

"Unalia nini?" cucu aliuliza. "Nimekuchapa kidogo tu."

*

Alimpigia simu mara tatu. Hakuchukua. Aliandika "samahani" akaifuta, akaandika "nimeelewa" akaifuta pia. Neno alilotaka halikuwepo. Mwishowe alituma kitu kimoja tu:

"."

Dakika zilipita. Kuku waliingia ndani. Halafu simu ikatetemeka.

"Uko wapi?"

"Kwa cucu."

"Kaa hapo."

Alikuja na spana begani, suruali ikiwa imekauka matope. Hakumsalimu. Alinawa mikono kwenye ndoo taratibu sana, kila kidole, mpaka Karimi akatamani angemfokea tu yaishe.

"Mutembei, nimeziona."

"Umeziona leo."

"Mbona hukuniambia? Ungesema tu sentensi moja!"

"Nilitaka kusema siku ya kwanza. Ukanicheka mbele ya Kasim."

"Ilikuwa mzaha."

"Kwako. Mimi nikajiambia, hawa watu wa chuo, nikiwaambia naogopa kumaliza kuhesabu mbuzi ya watu, nitakuwa hadithi ya hostel. Nikaona afadhali niweke alama, wewe una akili, utaona, utaniuliza polepole tukiwa wawili. Nikangoja uniulize." Aliangusha taulo. "Ukaniuliza kwa simu, Kasim akisikia, mzee Salesio akisikia, kama polisi."

"Nilikuwa na hasira. Nilikuwa naona kila kitu kinaanguka."

"Hasira sijakataa. Lakini ulisema nilitaka usiende." Alinyoosha mkono kuelekea maboma ya majirani. "Karimi, unajua nilitembea aje? Nyumba mia na arobaini. Kila mlango nikipiga hodi najua ninakusukuma uende mbali na mimi. Ningetaka ubaki si ningekaa nyumbani tu? Si ningesema sina nafasi? Kazi gani ya kukuharibia inayochosha hivyo?"

Karimi aliiweka chini ile faili ya bluu.

"Nimekukosea," alisema. "Si kwa data. Kwa kukufikiria hivyo."

"Ndiyo. Umenikosea."

Mutembei aliketi kwenye ubao wa banda, mbali naye kidogo. Mbuzi mweupe alitoa kichwa katikati ya mbao akaanza kumnusa nywele. Wakakaa hivyo.

"Sasa data imeharibika?" aliuliza mwishowe, bado akiangalia chini.

"Haijaharibika. Mtu akikosa ovyo, huwezi kumrekebisha. Wewe ulikosa mmoja, kila mahali, na ukaweka alama. Naongeza mmoja penye nukta, basi. Ni data safi kuliko ya mtu yeyote darasani kwetu." Alijifuta pua kwa sweta iliyotafunwa. "Na kuna zaidi. Kuna watu wanazunguka vijijini wakiuliza wazee, 'mna mbuzi wangapi, mna watoto wangapi,' wanaandika vile wanaambiwa. Hakuna anayewawekea nukta. Hiyo ndiyo nataka kuandika."

"Utaandika kwamba watu wa huku ni wajinga?"

"Nitaandika kwamba mimi ndiye sikujua kusoma fomu. Na jina lako litakuwa hapo juu, karibu na langu."

"Jina la fundi wa bomba?"

"La Mutembei."

Mutembei aliusukuma mdomo wa mbuzi kutoka kwenye nywele zake.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Kasirika. Nitangoja."

"Umekula?"

"La."

"Cucu!" aliita, "huyu msomi wako hajakula!" Akainuka kwenda jikoni, na alipopita karibu yake aliacha mkono wake uguse bega lake, mara moja tu. Karimi alilia tena, safari hii bila kujificha.

*

Ijumaa Daktari Nthiga alisoma kurasa zile mbili mpya mpaka mwisho akasahau njugu zake.

"Hii sababu uliikisia?"

"La, Daktari. Nilichapwa nayo."

Aliandika barua siku hiyo hiyo. Tarehe kumi na nne Karimi alituma maombi kwa vyuo vitano, stima ikipotea mara mbili, mtandao ukimwambia nakala zake ni kubwa mno, yeye akizipunguza huku akitukana kwa Kiembu. Alimaliza akaegemeza kichwa juu ya meza. Usifikiri furaha ilifuata. Januari chuo cha kwanza kilisema la. Cha pili kikasema la kwa adabu nyingi. Februari, la mbili kwa wiki moja. Kila barua ilipofika alimtumia Mutembei, naye alijibu yale yale: "Bado mmoja."

"Na huyo mmoja akikataa?" alimwuliza siku moja kwa simu, amechoka kabisa.

"Huyo wa mwisho sisi hatumtaji."

Mwezi wa Machi profesa mmoja wa chuo cha tano alimpigia kwa video. Hakumwuliza juu ya alama. Alimwuliza juu ya mbuzi, nusu saa nzima. Siku tisa baadaye barua ilikuja, na Karimi aliisoma mara nne akiwa amesimama, halafu akampigia Mutembei akashindwa kuongea.

"Kari?" Mutembei alisema. "Ni ndiyo? Gonga simu mara moja kama ni ndiyo."

Akaigonga kwa ukucha.

Alimsikia akivuta pumzi. Halafu kicheko kifupi, cha mtu anayefurahi na kuumia kwa pamoja.

"Miaka mitano," alisema.

"Mitano."

"Basi nitakuja na watu wetu kabla hujapanda ndege. Sitaki ukae huko bila kujua wewe ni wa wapi."

Walikuja Runyenjes Jumamosi moja ya Julai, wazee kwa wajukuu, na mikungu ya ndizi mpaka mama Cicily akakosa pa kuiweka. Maneno yalikwenda vizuri. Hata yeye, aliyesema mengi juu ya vijana wa Mitunguu, alikuwa amemwongezea Mutembei chai mara mbili. Kisha baba yake Karimi, mwalimu Naftaly, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na hawezi kukaa na watu bila kujua idadi yao, akamgeukia cucu Marcella.

"Cucu, nimefurahi sana. Hebu tujulishe, wajukuu wako wote, na wake zao, pamoja na huyu wa leo, ni wangapi?"

Mutembei aliinamisha kichwa. Karimi naye.

Cucu alisimama, akarekebisha leso yake. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, akiwanyooshea fimbo. Aliwataja wajukuu. Aliwataja wake zao na watoto wao, hata aliyekuwa amebebwa mgongoni. Mutembei alimtaja karibu na mwisho. Kisha fimbo ikaja ikafika mbele ya Karimi, ikasimama hapo kidogo, ikapita.

Cucu aligeuka akaangalia michai nje ya dirisha. Akakohoa.

"Ni hao tu," alisema, akaketi.

Mwalimu Naftaly alikuwa amekunja vidole kumi na vinane kimoyomoyo na hesabu haikuwa ikikubali. Mama Cicily alimwinamia binti yake, uso umewaka.

"Wamekuja kututukana? Mbona hajakutaja wewe?"

Karimi alimshika mama yake mkono. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

"Mama, tulia," alimnong'oneza. "Amenihesabu."